Mcheza kwao hutunzwa

Msomaji mpendwa, siku hizi mchezaji akifunga mabao matatu tu, wiki ya pili utasikia keshauzwa. Hata mwanao hapo nyumbani atakutajia bei kabla hajakutajia jina la timu. Leo basi, hebu mkalishe karibu umsimulie habari za Nicolae Dobrin wa Romania.

Dobrin alizaliwa 1947 katika mji wa Pitești. Mwaka 1962, kabla hajatimiza miaka 15, tayari alikuwa akicheza ligi kuu na timu ya mji wao, ambayo baadaye ilijulikana kama Argeș. Alikuwa kiungo mwenye chenga za kuudhi na pasi za kupimwa kwa rula. Mashabiki walimbandika jina la Gâscanul, yaani bata bukini dume. Mara tatu, 1966, 1967 na 1971, alichaguliwa mwanasoka bora wa nchi.

Usidhani ilikuwa kazi rahisi. Jijini Bucharest kulikuwa na Steaua, timu ya jeshi, na Dinamo, timu ya wizara ya mambo ya ndani. Nani angeshindana na wakubwa hao? Lakini mwaka 1972 Argeş ilitwaa ubingwa kwa mara ya kwanza. Mwaka 1979 ikautwaa tena, safari hii kwa kuilaza Dinamo 4-3 huko huko Bucharest. Bao la ushindi, dakika zikiyoyoma, lilifungwa na nani? Dobrin!

Lakini kuna machungu. Alikwenda Mexico na timu ya taifa kwa Kombe la Dunia la 1970. Romania ilicheza mechi tatu, naye hakuingizwa uwanjani hata dakika moja.

Kisha 1972 Real Madrid wakafika Pitești kwa Kombe la Klabu Bingwa Ulaya. Wakafungwa 2-1, Dobrin akiwa mmoja wa wafungaji. Walilipiza kwao 3-1, lakini walikuwa wamekwisha kumtamani kijana huyo. Haikufaa kitu. Serikali ya Ceaușescu haikuwa ikiwaachia nyota wake kwenda kulipwa ng'ambo.

Hapo utaniuliza, msomaji: je, huo ni uaminifu, au ni ndege aliyefungiwa tunduni? Swali zuri. Mtu aliyenyimwa ruhusa ya kuondoka hatuwezi kumsifu kwa kubaki.

Ila tazama mwisho wake. Umri uliposonga alihamia timu ya Târgoviște, mji usio mbali na kwao. Hakukaa sana. Alirudi Argeș, na ni huko alikotundika viatu mwaka 1983, akiwa na mechi zaidi ya 400 za ligi kuu na mabao zaidi ya 100. Kurudi huko hakulazimishwa na mtu.

Alifariki Oktoba 2007, akiwa na miaka 60, katika mji ule ule wa Pitești. Uwanja wa mji huo unaitwa kwa jina lake.

Kwa hiyo, kijana, ukipata nafasi ya kwenda mbali, nenda. Hakuna dhambi. Dobrin angeipata, huenda naye angekwenda. Lakini usiwacheke wanaobaki, na wala usisahau njia ya kurudi. Wahenga hawakukosea: mcheza kwao hutunzwa.