Contra Itakuua Mara Mia, na Bado Utarudi

Wasee wa Kitale na Bungoma, kuna gemu ya 1987 ambayo naona inafaa kurudi kwa vibanda vyetu vya PS, hata kama ni jioni moja tu kwa wiki. Inaitwa Contra. Ni ya Konami, kampuni ya Japani. Ilianza kwa mashine za kuweka sarafu, halafu 1988 ikaingia kwa kaseti za kucheza kwa TV. Ukiwa na kaka mkubwa, muulize kuhusu zile kaseti za manjano zilizoandikwa gemu 9999, kumbe ni chache tu zinajirudia.

Hii gemu haina huruma. Una maisha matatu. Risasi moja ikikupata, umeenda. Hakuna mstari wa nguvu unaopungua polepole, hakuna kusevu, na leveli ziko nane. Mgeni anaweza kumaliza maisha yote kwa dakika mbili, aweke pedi chini na kusema gemu ni mbovu.

Manze, si mbovu. Iko haki. Mizinga imekaa palepale ilipokuwa jana. Kwa hivyo kila ukifa unatoka na kitu: hapa nilale chini, pale niruke, ile silaha ya S inayotawanya risasi niichunge, maana nikifa inapotea. Mtu akiijua vizuri anaimaliza chini ya nusu saa. Tofauti yake na yule wa dakika mbili haiko kwa mashine. Iko kwa kichwa na vidole.

Sasa linganisha na gemu nyingi za simu. Ukikwama tu, zinakuletea kitufe cha kununua: maisha, silaha, wachezaji wakali. Mwenye pesa kwa M-Pesa anapita, asiye nayo anangoja. Na kwa umri wetu, hiyo pesa ni ya kuomba nyumbani au ya kibarua, halafu inaenda kununua ushindi ambao si wako. Contra ukishaingia haikuuzii kitu. Mtoto wa tajiri na mtoto wa mtu wa boda wanaanza na maisha matatu.

Tena mnaicheza wawili. Leveli ya tatu ni maporomoko, mnapanda mkiruka mwamba hadi mwamba. Fikiria Nabuyole pale Webuye, lakini mkipigwa risasi. Skrini inafuata aliye juu. Ukikimbia peke yako, mwenzako anaachwa chini na anakufa. Hapo hakuna adui wa kulaumu, ni wewe. Ndiyo maana wanaofika juu ni wale wanaoongea: "Ngoja. Haya, ruka sasa."

Najua kuna mtu atasema, si kuna ile mbinu ya siri ya kupata maisha 30? Ipo. Juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A, kisha kitufe cha kuanza. Kazuhisa Hashimoto wa Konami aliiweka kwanza kwa Gradius, 1986, kwa sababu gemu aliyokuwa akiijaribu ilimshinda yeye mwenyewe. Itumie ukijifunza, haina aibu, na hulipi. Lakini hata hizo 30 zitaisha ukicheza bila kufikiria.

Kwa hivyo wenye vibanda, ombi langu ni dogo. Contra iko ndani ya Contra Anniversary Collection ya 2019, na inacheza kwa PS4. Mpira ubaki, hakuna anayeugusa. Tupeni skrini moja tu. Kitale ilete wawili, Bungoma ilete wawili. Maisha matatu, bila mbinu ya siri, bila kusevu, tuone nani atavuka maporomoko bila kumwacha mwenzake.

Sisi wa Kitale tumeshaanza mazoezi. Bungoma, mko?