Dozi Moja, Miili Tofauti

Kwa miaka mingi watu waliotumia TLE, kidonge cha kufubaza VVU, walirudi kliniki na malalamiko yaleyale: kizunguzungu, ndoto za kutisha, kukosa usingizi, wengine huzuni isiyoelezeka. Jibu mara nyingi lilikuwa moja: utazoea. Wengi walizoea kweli. Wapo walioshindwa wakaacha dawa, nasi tukawaita wakaidi.

Hawakuwa wakaidi. Kidonge kile kina efavirenz, dawa inayovunjwa na ini kwa kimeng'enya kinachotokana na jeni iitwayo CYP2B6. Aliyerithi jeni dhaifu kwa baba na kwa mama huivunja polepole mno. Anameza miligramu 600 leo, na kesho anameza nyingine kabla zile za jana hazijapungua vya kutosha. Dawa inajaa damuni, ubongo unaathirika. Jeni hiyo dhaifu imeenea zaidi Afrika kuliko Ulaya. Hata Waafrika wenyewe hatulingani: watafiti wa Muhimbili, Tanzania, na wenzao wa Ethiopia na Sweden walipopima wagonjwa wa Tanzania na Ethiopia waliomeza dozi ileile, Watanzania walikutwa na dawa nyingi zaidi damuni kuliko Waethiopia.

Mwaka 2014 jaribio la ENCORE1 lilionyesha kuwa miligramu 400 zinadhibiti virusi sawasawa na 600, tena kwa maudhi machache. Hata hivyo, wengi wa wagonjwa wetu waliendelea kupewa 600 hadi dawa mpya, dolutegravir, ilipokuja kushika nafasi yake. Hilo linatuuma.

Wala si efavirenz peke yake. Lapdap, dawa ya malaria iliyotengenezwa kwa ajili ya Afrika, iliondolewa sokoni mwaka 2008 baada ya kubainika kwamba inawapunguzia damu kwa kiwango cha hatari wagonjwa wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD. Upungufu huo wa kurithi ulikuwa umegunduliwa tangu 1956, na umeenea katika maeneo yenye malaria. Dawa ilipitishwa mwaka 2003. Swali la G6PD lilipaswa kumalizwa kabla ya hapo.

Tunachotaka kinawezekana. Mamlaka za dawa za Tanzania, Kenya na Uganda zisisajili dawa mpya ya ukimwi, kifua kikuu au malaria bila mtengenezaji kuonyesha jinsi inavyovunjwa katika miili ya watu wa hapa. Serikali zigharimie maabara za vyuo vyetu kufanya vipimo hivyo, badala ya kusubiri wafadhili waamue kipi kinafaa kuchunguzwa.

Na wahudumu wa kliniki waache kusema utazoea. Mamlaka ya dawa ya Tanzania, TMDA, ina fomu ya njano ya kuripoti madhara ya dawa. Ijazwe siku ileile mgonjwa anapolalamika, naye aelezwe kwamba dozi inaweza kuangaliwa upya au dawa ikabadilishwa, ili asiamue peke yake nyumbani kuacha.