Shanga za Bibi na Mizani ya Mnunuzi

Huenda nyumbani kwenu, hapo Lubunga au ng'ambo ya mto, limo kopo lenye shanga za bibi, nalo halijafunguliwa tangu alipozikwa. Siku moja hupita mnunuzi, hulipima kwa mizani, hutoa fedha, naye aenda zake. Kuuza si dhambi, maana ada ya shule haingoji. Lakini auzaye yampasa ajue anauza nini, na katika jambo hilo mizani haisemi kitu.

Shanga hizo za kioo zilitoka mbali, nyingi katika kisiwa cha Murano karibu na Venezia. Misafara ilizichukua kutoka Unguja, ikapita Tabora na Nyangwe, ikashuka na mto mpaka maporomoko yetu, ambako Tippu Tip alifanywa liwali mwaka 1887. Zilinunua chakula na pembe za ndovu. Zilinunua pia watu, wala tusilifiche.

Iliyopendwa sana ni samesame, nyekundu nje na nyeupe ndani. Mwingereza Burton, aliyesafiri bara mwaka 1857 hadi 1859, aliandika kwamba watu waliipa majina yenye maana ya kumaliza chakula na kuvunja mji, kwa jinsi wanawake walivyoitamani. (Waume walioilipia hawakuulizwa.)

Je, waitambuaje? Shika ushanga mmoja penye mwanga wa jua, utazame tundu lake. Kiini kikiwa cheupe, ni wa karne ya 19 au baadaye. Kikiwa cha kijani, na wekundu wake ni wa tofali, yaelekea ni wa zamani zaidi. Kisha tafuta viputo vidogo vya hewa. Vikiwa virefu na kufuata njia ya tundu, ushanga ulikatwa katika bomba la kioo lililovutwa lingali moto. Vikilizunguka tundu, kioo kilizungushwa juu ya waya, ushanga mmoja mmoja. Mshono mwembamba ubavuni ni alama ya kalibu. Plastiki ni nyepesi, tena haina ubaridi ukiigusisha shavuni.

Ushanga uliovaliwa miaka mingi husuguliwa na uzi na jirani zake: kingo za tundu huwa laini, ncha huwa bapa. Wapo wanaofukia shanga mpya udongoni ili zionekane kuukuu. Uchafu umo tunduni, lakini kingo zingali kali.

Wenye nyota usiupite upesi. Huo una matabaka ya kioo cheupe, chekundu na cha buluu, nao ukisagwa nchani hutokea nyota. Murano waliuanza mwishoni mwa karne ya 15. Matabaka saba na nyota ya miale 12 ni dalili ya ukale. Matabaka manne ni ya nyakati za karibu zaidi. Siku hizi India na China huuiga, basi rudi kwenye tundu.

Ufundi huohuo wa vijiti vya kioo cha rangi ulizaa yale matufe ya kukandamizia karatasi mezani. Pietro Bigaglia wa Venezia aliyaonyesha mwaka 1845. Wafaransa wakafuata, na kiwanda cha Baccarat kilitia ndani ya baadhi ya matufe yake tarakimu za mwaka, 1846 hadi 1849. Mwenye tufe la namna hiyo asilivunjie karanga.

Kuhusu bei, tuseme kweli. Samesame zenye kiini cheupe zilitengenezwa kwa wingi mno, hivyo mmoja peke yake hauna bei kubwa. Thamani hupandishwa na uchache, uzima, na habari za mwenyewe. Kwa hiyo uzi uliotungwa zamani usiukate, wala shanga usizisugue kwa mchanga. Andika jina la aliyezivaa, kijiji chake, na jinsi alivyozipata, maadamu yupo bado wa kukumbuka. Kisha waite wanunuzi wawili, si mmoja, na kila mmoja ataje bei yake kabla hajasikia ya mwenzake.