Kisongo hadi KIA: Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa TAA

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Tanzania (TAA).

Tangu Serikali ilipoikabidhi TAA Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro (KIA) mwaka 2023, ukitoka mikononi mwa kampuni ya KADCO, viwanja viwili vinavyotuhudumia sisi wa Arusha viko chini ya ofisi yako: wa Kisongo, kwenye barabara ya Dodoma, na KIA yenyewe, iliyofunguliwa mwaka 1971 kule Hai, kati ya Arusha na Moshi. Zamani abiria aliyekwama kati ya viwanja hivi hakujua amlilie nani. Sasa anajua, ndiyo maana nakuandikia.

Mfikirie mgeni anayeshushwa Kisongo mchana na ndege ndogo ya kutoka Seronera, huku ndege yake ya Amsterdam ikiruka usiku kutoka KIA. Ramani inamwambia ni takriban kilomita 60. Alfajiri, mwendo wa saa moja na robo unamtosha. Jioni ni habari nyingine: foleni ya Mbauda, katikati ya mji, kisha Ngulelo. Barabara ya njia nne inaishia Tengeru, na ikiwa ni Jumatano au Jumamosi, siku za soko, hapo penyewe ni safari. Usa River, Maji ya Chai na Kikatiti ni mwendo wa kilomita 50 kwa saa, na ndivyo inavyopaswa, maana watoto wa shule wanavuka. Lori moja likiharibika, saa mbili hazitoshi. Barabara ya mchepuko inayozunguka kusini mwa jiji inasaidia kweli, lakini nayo inakurudisha kwenye foleni ileile ya Usa River.

Mgeni huyo ana gari la kampuni ya utalii. Wapo wasio nalo: mwanafunzi, mama mwenye mtoto, mfanyabiashara wa kwenda Dar es Salaam. Wao hupanda Coaster ya Moshi, wakashushwa njia panda ya KIA, kisha bodaboda kwa kilomita kama sita zilizobaki, begi likiwa mapajani, hata usiku, hata mvua za masika zikinyesha. Uwanja wa kimataifa haupaswi kufikiwa hivyo.

Naomba basi la uhakika kati ya viwanja hivi viwili, linalopita mjini, lenye ratiba inayofuata ndege na nauli inayojulikana. LATRA, wadhibiti wa usafiri wa ardhini, wapo wa kutoa leseni, na wenye mabasi Arusha hatuna uhaba nao. Naomba pia TAA ikae na mashirika ya ndege na TATO, chama cha kampuni za utalii, wakubaliane muda wa chini wa kuunganisha safari kati ya Kisongo na KIA. Mimi ningesema saa nne. Muda huo uandikwe kwenye tiketi, kwenye tovuti yenu na ukutani pale Kisongo, kwa saa, si kwa kilomita.

AFCON ya 2027 inakuja, na uwanja wa mpira unajengwa Olmoti. Mashabiki wengi watashukia KIA bila gari la kampuni yoyote. Basi hilo lianze kabla yao, ili ratiba ijaribiwe na sisi wenyeji kwanza.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mkazi wa Arusha