Michikichi Nayo Yahitaji Mlinzi

Askari akiulizwa kazi yake, hujibu upesi kwamba ni kulinda mipaka, raia na mali zao. Jibu hilo ni sahihi. Lakini mali ya raia si nyumba na ng'ombe peke yake. Katika kisiwa cha Bugala, wilayani Kalangala, wananchi wenzetu wamekuwa wakilima michikichi tangu katikati ya miaka ya 2000. Mafuta yake husafirishwa hadi Jinja kusafishwa, kisha yakaingia majikoni mwetu hapa Kampala, na makambini pia. Mali hiyo ina maadui wawili.

Adui wa kwanza ni panga lisilo na nidhamu. Mchikichi haupogolewi kama kichwa kinavyonyolewa. Mti uliokomaa wapaswa kubaki na makuti kama 40, kwa kuwa kuti bichi ndilo linaloupikia mti chakula. Yakatwe yaliyokauka na yaliyo chini kabisa. Chini ya shada linaloiva yaachwe makuti mawili, au moja kwa mti wa umri mkubwa. Mkulima akatae kukata zaidi kwa ajili ya wepesi wa kuvuna. Mti ulionyimwa majani hutoa maua mengi ya kiume yasiyozaa, na hasara huonekana baada ya muda mrefu, sababu yake ikiwa imekwisha kusahauliwa.

Aidha, mpogoaji mwangalifu huukagua kila mti kama mlinzi azungukaye lindo. Yeye ndiye wa kwanza kumwona adui wa pili, yaani mnyauko fuzari. Kuvu wa ugonjwa huu hukaa udongoni, huingia kwa mizizi na kuziba mishipa ya maji. Makuti hugeuka manjano, hukauka, huvunjika na kuning'inia shinani. Mti ulioshikwa hauna dawa. Ugonjwa huu ulitambuliwa Kongo mwaka 1946, na katika miaka ya 1980 ulionekana Brazil na Ecuador. Wataalamu wanaamini kwamba ulivuka bahari pamoja na mbegu kutoka Afrika. Ikiwa bahari kuu haikuuzuia, maji ya Nalubaale hayatauzuia.

Wako watakaosema kwamba hayo ni ya bwana shamba, si ya mwenye bunduki. Hatukubaliani nao. Mwaka 1993 mnyauko wa kahawa ulionekana Bundibugyo, mpakani mwa Kongo, na katika miaka iliyofuata karibu nusu ya mibuni ya robusta nchini iliangamia. Mdharau mwiba mguu huota tende. Bwana shamba hakai kila kivuko usiku na mchana. Askari na polisi ndio wakaao.

Kwa hiyo twawasihi ndugu zetu mambo matatu. Kwanza, mche au mbegu ya mchikichi isiyo na hati isipite mpakani wala bandarini, bali mkaguzi wa Wizara ya Kilimo aitwe, kwani Sheria ya Ulinzi na Afya ya Mimea ya mwaka 2015 yampa mamlaka. Shilingi chache za kufumbia macho mzigo mmoja zaweza kuwagharimu wakulima wa kisiwa kizima. Pili, wanaogawa miche, kama wanajeshi walivyofanya katika Operesheni ya Kuleta Utajiri iliyoanza mwaka 2013, waulize kwanza ilikotoka. Tatu, atokaye katika shamba lenye ugonjwa aondoe udongo kwenye panga, jembe na buti zake kabla ya kuingia shamba jingine.

Wengi wenu mtastaafu na kurudi shambani. Mkiilinda michikichi ya raia leo, mtakuwa mmelinda pia riziki yenu ya kesho.