Tuwaulize Walimu Kabla ya Kuchapisha Vitabu

Tangu mtaala wa umilisi uanze kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, elimu ya mazingira imepata nafasi rasmi kuanzia gredi za chini. Hilo ni jambo la kupongezwa. Lakini somo lisilo na zana ni jembe lisilo na mpini.

Vitabu vya kiada huidhinishwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD) kwa matumizi ya nchi nzima. Utaratibu huo una manufaa yake, kwani humpa mtoto wa Wajir maarifa sawa na yule wa Kakamega. Tatizo ni kwamba mazingira hayana sura moja. Mwalimu wa Gazi, katika Kaunti ya Kwale, amezungukwa na mikoko inayotunzwa na wanakijiji. Mwenzake wa Baringo aliona ziwa likifurika na kumeza madarasa mnamo 2020. Wa Mai Mahiu hawezi kusahau usiku wa Aprili 2024, maji yaliyozuiliwa kwenye tuta la reli yalipofumuka na kuua makumi ya watu. Je, walimu hawa watatu wanahitaji zana zile zile?

Aghalabu mahitaji ya shule hupimwa kwa kuhesabu: wanafunzi wangapi, vitabu vingapi. Hesabu hiyo haitoshi. Yafaa wanaotathmini wamuulize mwalimu mwenyewe: Je, amefunzwa kufundishia nje ya darasa? Ana ramani ya mto unaopita karibu na shule? Wanafunzi wake wana kitalu cha miche? Huenda ikabainika kwamba shule moja inakosa vitabu, ilhali nyingine inavyo tele ila haina hata kipimamvua, kifaa kinachoweza kuundwa kwa chupa ya plastiki na rula.

Hayati Profesa Wangari Maathai alipoanzisha vuguvugu la Ukanda wa Kijani mwaka wa 1977, wanawake wa mashambani walijifunza kuotesha miche kwa mbegu walizookota kwao. Zana zao zilikuwa miguuni pao.

Wizara ya Elimu haina budi kuanzia hapo. Mwanafunzi anayekariri sababu za mafuriko kitabuni, na asitambue dalili zake kwenye mto ulio nyuma ya shule yake, atafaulu mtihani. Mvua ikinyesha, elimu hiyo haitamwokoa.