DNA Ikisema Si Wako, Usiku Huo Mtoto Atalala Wapi?

  Mwezi huu nawaandikia kutoka nyumbani Lufingo, huku Rungwe, ambako mvua ikiamua kunyesha haiombi ruhusa kwa mtu. Nilidhani nimekuja kupumzika, kula mbalaga, kunywa maziwa ya mtindi na kuyasahau kabisa mambo ya ndoa za watu. Wapi! Ukishajulikana kwamba wewe ndiye yule dada wa kwenye jarida, hata ukitoka kwenda kununua chumvi unafuatwa.

Safari hii aliyenifuata ni kaka mmoja wa makamo, jina lake linabaki kwangu. Ananunua ndizi na parachichi kwa wakulima na kuzipakia kwenye malori. Ana mke wa ndoa, ng'ombe wa mahari walishakwenda zamani, na watoto watatu. Shida iko kwa huyo wa katikati, mvulana wa miaka tisa. Tangu aanze shule, mawifi hawanyamazi: eti mtoto mrefu mno, eti masikio hayo si ya kwetu, eti mwaka ule mimba inaingia wewe si ulikuwa unashinda Tunduma kwenye biashara? Basi kaka wa watu akainama, akaniambia kwa sauti ya chini: "Dada, wewe umekaa mjini. Nasikia siku hizi wanapima hata unywele tu, mwenyewe asijue. Nikikupa unywele wake utanipelekea?"

Nilimjibu palepale kwamba siupeleki. Lakini jibu la namna hiyo halimsaidii mtu ambaye hajalala vizuri kwa miezi kadhaa, na najua wasomaji wengi mna unywele wenu mfukoni. Kwa hiyo tuongee.

Tuanze na kipimo chenyewe, maana wengi wanakiogopa au kukishangilia bila kukijua. Kila mtoto huchukua nusu ya vinasaba vyake kwa mama na nusu kwa baba. Mara nyingi hata damu hawakutoi, wanapitisha kijiti chenye pamba ndani ya shavu, basi. Maabara hawasomi vinasaba vyote, wanaangalia sehemu fulani ambazo watu hutofautiana sana. Mtoto akikutwa na alama ambazo hazipo kwa mama wala kwa huyo mwanaume, tena katika sehemu kadhaa, mwanaume huyo anatolewa kwenye hesabu. Zikilingana, jibu huja kwa asilimia, tisini na tisa na vipande vyake. Sasa hapa kuna jambo ambalo watu huliruka: ndugu wa tumbo moja wanachangia vinasaba vingi. Kama anayeshukiwa ni mdogo wako, maabara lazima waambiwe mapema, la sivyo kazi inaweza kuharibika. Na mapacha wa kufanana kabisa ndio balaa, kipimo cha kawaida hakiwezi kuwatofautisha.

Masikio, urefu na rangi si kipimo. Hata kundi la damu, ambalo watu wanalishikia bango kwelikweli, halitoshi. Baba na mama wote wa kundi A wanaweza kuzaa mtoto wa kundi O, na hakuna aliyechepuka. Mara chache kundi la damu linaweza kuonyesha kwamba fulani hawezi kuwa baba, lakini haliwezi kuthibitisha kwamba ndiye. Ndoa ngapi zimevunjika kwa kadi ya kliniki iliyosomwa na mtu asiyejua kuisoma!

Turudi kwenye unywele. Tanzania ina sheria ya vinasaba vya binadamu tangu mwaka 2009, na msimamizi wake ni Mkemia Mkuu wa Serikali. Mamlaka yake ina ofisi ya kanda hapo Mbeya, si mbali na huku. Lakini huwezi kuingia tu na bahasha ya nywele kama mtu anayepeleka simu kwa fundi. Ombi linapitia kwa wanaotambuliwa na sheria, kama mahakama, polisi, wakili au ofisa ustawi wa jamii, na sampuli inachukuliwa kwa ridhaa. Wanaume wengi huona huo ni usumbufu wa makusudi wa kuwalinda wanawake. Mimi naona ni busara. Unywele uliokatwa kitandani usiku ni wa nani? Nani anathibitisha kwamba si wa mtoto wa jirani aliyekuja kulala? Na hilo ndilo jepesi. Zito ni kwamba mtoto wa miaka tisa anaingizwa kwenye kesi ambayo hajui kama ipo, na anayemshitaki ndiye huyo huyo anayemfunga kamba za viatu asubuhi.

Na nyie msidhani kipimo hiki kilizaliwa kwa ajili ya kufukuza watoto. Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, aligundua njia hiyo Septemba 1984. Kesi ya kwanza kutumia ugunduzi wake, mwaka 1985, ilihusu kijana wa familia yenye asili ya Ghana. Alikuwa anarudi Uingereza kwa mama yake, na maofisa wa uhamiaji wakagoma kuamini kwamba ni mtoto wa mama huyo. Baba hakuwepo kupimwa, wakalinganisha na mama pamoja na ndugu zake. Ikaonekana ni wao kabisa, akarudi nyumbani. Kazi ya kwanza ya DNA ilikuwa kumrudisha mtoto kwa mama yake! Sisi tumeichukua tukaanza nayo kutokea upande wa pili.

Sasa nitawaudhi wanaume kidogo. Kila baada ya muda zinasambaa habari kwamba kati ya wanaume waliopimwa, wengi wamebambikiwa. Uganda mwaka 2023 vishindo vilikuwa vikubwa mpaka Wizara ya Mambo ya Ndani ikasema idadi ya wanaume wanaotaka kupimisha watoto imepanda sana. Sawa. Lakini jiulize, nani anakwenda kupima? Ni yule ambaye tayari ana shaka, tayari kuna ugomvi, tayari kuna kesi. Ukienda wodi ya mifupa ukahesabu waliovunjika miguu, utasema nusu ya Watanzania wamevunjika miguu? Hesabu ya maabara ni ya watu wa maabara, haihusu nyumba ya jirani yako wala yako.

Baada ya wanaume, niwaudhi na dada zangu. Wapo wanaume wanaobambikiwa, tena kwa makusudi, na maumivu yao si mchezo. Mtu amelipa ada miaka kumi, amekesha hospitali, halafu anagundua kwamba mtaa mzima ulikuwa unajua isipokuwa yeye. Anayemwambia "wewe lea tu, mtoto ni mtoto" hajawahi kuchekwa. Siwezi kusema kutaka kujua ni dhambi. Na wapo wanawake ambao kipimo hichohicho ndiyo silaha yao pekee. Aprili 2018, Paul Makonda, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, alipowaita kina mama waliotelekezewa watoto, walifurika. Mwanaume anayekana mimba mchana kweupe, halafu ana gari na nyumba mbili, huyo mpelekeni mahakamani apimwe, wala sitamwonea huruma.

Kwa hiyo sipigani na kipimo. Ninachouliza ni kinajibu swali gani. Kinajibu damu imetoka wapi, na kinajibu vizuri. Kuhusu baba ni nani, hata sheria yetu haikiachii kazi hiyo peke yake. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataja mambo ambayo mahakama itayatazama inapotafuta mzazi: jina kwenye kitabu cha vizazi, sherehe ya kimila aliyofanya baba kwa ajili ya mtoto, kumkiri hadharani, kukataa kupimwa, na majibu ya DNA. Umeona? DNA imekaa kwenye mkeka pamoja na wenzake. Na Sheria ya Ushahidi ya 1967 inamhesabu mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa kuwa ni wa mume, mpaka ionyeshwe kwamba wawili hao hawakuwa na nafasi ya kukutana wakati ule. Tunduma si mbali kiasi hicho, kaka yangu.

Wazee wa huku hawakuhitaji hata hiyo sheria. Nilimuuliza shangazi yangu, mtu mzima aliyeona mengi, zamani mambo haya yalikuwaje. Akacheka. Akasema, "Mwanangu, tulikuwa tunauliza ng'ombe ni wa nani." Na kweli, kwa mila ya Wanyakyusa mahari ya ng'ombe ndiyo iliyoamua mtoto ni wa ukoo gani. Monica Wilson, msomi aliyeishi huku Unyakyusa na mumewe Godfrey miaka ya 1930, aliandika sana juu ya ng'ombe hao. Mwanaume aliyetoa ng'ombe ndiye baba, na aliyepita usiku bila ng'ombe hakuwa na cha kudai zaidi ya kutozwa faini. Msinielewe vibaya, mila hiyo ilikuwa na ukatili wake. Mwanamke angeweza kuachika akaondoka mikono mitupu, watoto wakabaki upande wa ng'ombe. Lakini mtoto hakulala hata siku moja bila jina la ukoo. Leo huyu mvulana ana jina linaloanza na Mwa, analiandika kwenye madaftari yake yote. Karatasi ya maabara ikifika, walimu waambiwe nini?

Kuna upande mwingine wa jambo hili ambao mawifi hawaujui, na unawatesa madaktari. Tanzania inakadiriwa kuzaa watoto kama 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Mtoto mwenye selimundu ya aina iliyozoeleka amepokea chembe ya ugonjwa kwa baba na nyingine kwa mama. Mtoto anaumwa, wazazi wanapimwa, mama anayo, baba hana. Muuguzi ameshikilia karatasi, ameshajua jambo ambalo hakuna aliyemtuma kulitafuta. Aseme? Au Muhimbili, ambako upandikizaji wa figo ulianza Novemba 2017: baba anajitolea kumpa kijana wake figo, anapimwa kama wanaendana, na vipimo vinaonyesha kwamba hawa si damu moja. Baba amekaa pale nje kwenye benchi, tayari kukatwa.

Mimi nasema muuguzi anyamaze juu ya lile ambalo hakuulizwa, aseme lile la tiba: huyu anafaa kutoa au hafai, mtoto atibiwe hivi. Rafiki yangu aliyesomea uuguzi hakubaliani nami. Anasema mwanaume yule anaweza kuogopa kuzaa tena akidhani ana chembe ambayo hana, na kumwacha aamini hivyo ni kumdanganya. Ana hoja. Pengine njia ni kuwaambia watu kabla hawajatoa damu kwamba kipimo hiki kinaweza kufichua undugu, wachague mapema wanataka kuambiwa nini na nini wasiambiwe, na kila mmoja aulizwe akiwa peke yake. Hilo halihitaji mashine mpya. Linahitaji dakika kumi na mlango unaofungwa.

Na hicho ndicho nilichomwambia kaka wa ndizi, kwa maneno mengine. Nilimuuliza: jibu likija "ni wako", utamwambia nini mkeo siku akijua kwamba ulimkata mtoto nywele akiwa amelala? Hakuwa na jibu. Nikamuuliza tena: likija "si wako", siku hiyo jioni mtoto akitoka shule atakaa kiti gani mezani? Na usiku atalala wapi? Maana utagombana na mama, utawanunia mawifi, utakunywa ukirudi utatukana, lakini kuna mtu mdogo atakayekuja kukuonyesha hesabu zake za darasa la tatu akitaka uzitie sahihi. Kama hujui utamfanya nini huyo, hujawa tayari kupima. Ukishajua, nenda na mkeo kwa ofisa ustawi wa jamii, mchana, mkiwa wawili, mseme shida yenu. Mke akikataa, hilo nalo mtalizungumza kama watu wazima. Na mawifi waambiwe leo hii wafunge midomo mbele ya mtoto. Hilo halingoji maabara.

Upande wa mama, dada zangu, kama unajua, basi unajua. Usingoje mpaka mtoto alazwe ndipo ukumbuke. Ipo siku kijana ataulizwa na daktari, kwenu kuna kisukari? kuna presha? naye atajibu habari za ukoo wa baba aliyemlea, kumbe mwili wake una historia nyingine. Simaanishi umpigie mbiu mtaani. Namaanisha kwamba siri hii si yako peke yako, sehemu yake ni mali ya mtoto, na kuna umri ambao atastahili kukabidhiwa.

Umri gani? Hapo ndipo mimi na shangazi tulipokesha tukibishana. Yeye anasema akishaoa. Mimi nasema kabla, akiwa na akili ya kuuliza maswali na bado yuko chini ya paa lenu. Kwa hiyo nawageukia nyie mliolelewa na baba, halafu mkaja kuambiwa kwamba kwa damu si yeye: nani aliwaambia, mkiwa na miaka mingapi, na kesho yake mlimwamkiaje? Niandikieni. Majina nitayaficha kama ninavyofanya siku zote.